Uzi: Msaliti wa riwaya alikuwa mtoto wa mtu

Mzee wa Rafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Jukwaa la vitabu limepoa mno siku hizi, ngoja nilichangamshe.

Nimekuwa nikifuatilia wale wahusika wa riwaya za Kisovieti ambao nyuma yao palikuwa na mtu halisi, mwenye mama na majirani. Waliopitia fasihi chuoni wanakumbuka uhalisia wa kijamaa. Agosti 1934 waandishi wa Kisovieti walifanya kongamano lao la kwanza Moscow, Gorky ndiye mkubwa wao, Zhdanov akaleta salamu za Chama cha Kikomunisti. Tangu hapo mwandishi akatakiwa aonyeshe maisha "katika maendeleo yake ya kimapinduzi". Yaani aandike ukweli, ila ule unaoelekea kuzuri. Sasa ukitaka kuleta shujaa wa namna hiyo na msomaji asikugune, unamtafuta aliye hai. Au aliyekufa vizuri.

Dai langu nalitoa mapema ili mnishambulie mapema: shujaa aliyeingizwa kitabuni alikula raha zake na taabu zake, lakini aliyeumia kweli ni yule ambaye hadithi ilimhitaji awe mbaya.

Naanza na upande mtamu.

Rubani Alexey Maresyev. Aprili 1942 ndege yake iliangushwa maeneo ya Demyansk, kaskazini-magharibi mwa Urusi, theluji ingali imetanda. Miguu ikaumia vibaya. Alitambaa msituni siku 18 mpaka wanakijiji wakamwokota. Hospitalini Moscow ikakatwa yote miwili chini ya magoti. Kiangazi cha 1943 yuko angani tena, mapigano ya Kursk, anarusha ndege ya kivita kwa miguu bandia, na Agosti hiyo hiyo akatangazwa Shujaa wa Umoja wa Kisovieti. Boris Polevoy, mwandishi wa habari wa Pravda, alimkuta huko huko vitani, akaandika maelezo yake daftarini, akakaa nayo hadi vita vikaisha. Riwaya ikatoka 1946. Kwenye jina alibadilisha herufi moja tu: Maresyev akawa Meresyev.

Kitabu kikapata Tuzo ya Stalin, 1948 kikawa filamu, na mtunzi wa muziki Prokofiev akakitungia opera. Wakubwa waliisikiliza mara moja Leningrad, Desemba 1948, wakaitupilia mbali. Ilikuja kuchezwa ukumbi wa Bolshoi, Moscow, mwaka 1960, mtunzi keshazikwa zamani. Hata ukichagua shujaa asiye na doa bado unaweza kumwimba vibaya.

Maresyev mwenyewe aliishi hadi 2001. Zaidi ya nusu karne, kila akiingia ukumbini watoto wa shule wanaona riwaya imeingia. Alifariki 18 Mei, jioni ambayo ukumbi wa Jeshi kule Moscow ulikuwa tayari kwa sherehe ya miaka yake 85. Waalikwa walikuja kwenye sherehe, wakakuta msiba.

Naendelea, msichafue uzi.

Dogo wa Ubungo

Nimekaa mkao wa kula. Shusha mkuu.

Mzee wa Rafu

Rudini nyuma kidogo. Babu wa ukoo huu ni riwaya ya Gorky kuhusu mama wa mfanyakazi, aliyoiandika 1906 akiwa Marekani. Uhalisia wa kijamaa ulikuwa bado kuzaliwa, lakini wenye nao walipotafuta nasaba walimkuta yeye. Pavel Vlasov wa kitabuni alitokana na Pyotr Zalomov, fundi wa kiwanda cha Sormovo, jirani na Nizhny Novgorod, aliyebeba bendera ya kuukataa utawala wa kiimla kwenye maandamano ya Mei Mosi 1902. Akahukumiwa uhamisho wa maisha Siberia, akatoroka 1905, na fedha za kutorokea zilitoka kwa Gorky. Mama wa riwaya alitokana na mama yake, Anna Zalomova.

Kitabuni mama anaishia mikononi mwa askari kituo cha treni, kakabwa koo. Mama halisi aliyaona mapinduzi yakipita na akaishi hadi 1938. Mwanawe hadi 1955. Gorky alikufa 1936, kwa hiyo wahusika wote wawili walimzika mtunzi wao.

Sasa tuje Krasnodon, na hapa nitakaa.

Ni mji wa makaa ya mawe, Donbas, mashariki mwa Ukraine. Wajerumani waliuteka Julai 1942. Vijana wa pale, wengi wao wanafunzi tu au waliotoka shule juzi, wakaunda kikundi cha siri wakakiita Walinzi Vijana. Usiku walibandika karatasi za uchochezi. Siku ya kumbukumbu ya Mapinduzi wakapandisha bendera nyekundu juu ya majengo ya mji. Desemba wakaichoma ofisi iliyokuwa na orodha za watu wa kusombwa kwenda kufanyishwa kazi Ujerumani. Januari 1943 siri ikavuja. Waliteswa mateso nisiyoyaweka hapa, kisha makumi yao wakatupwa kwenye shimo la mgodi namba 5, wengine bado wanapumua. Oleg Koshevoy, miaka 16, alipigwa risasi Rovenky mwezi wa Februari. Tarehe 14 ya mwezi huo huo Jeshi Jekundu likaingia mjini.

Septemba watano wakatangazwa Mashujaa. Umoja wa vijana wa kikomunisti ukampa Alexander Fadeyev kazi ya kuandika. Akasafiri hadi Krasnodon, akafikia nyumbani kwa mama yake Koshevoy, akakaa na wazazi na walionusurika. Riwaya ikatoka 1945, ikawa kitabu 1946, ikanyakua Tuzo ya Stalin. Mashujaa wamo kwa majina yao halisi, na mama zao wamo.

Siri ilivuja, kwa hiyo lazima awepo aliyeivujisha. Fadeyev akamtunga Yevgeny Stakhovich: kijana mwenye kichwa chepesi darasani, majivuno mengi, alikuwa na wapiganaji wa msituni akawakimbia, akakamatwa, akapigwa, akataja majina. Jina la kubuni hilo. Ila pale Krasnodon hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani. Viktor Tretyakevich alikuwa mmoja wa viongozi wa kikundi, alikuwa ametoka msituni kweli, na mpelelezi mmoja aliyewatumikia Wajerumani alikwisha kudai kwamba ndiye aliyewataja wenzake. Kijana mwenyewe hakuwapo ajibu. Alitupwa kwenye shimo lile lile, pamoja na wale aliodaiwa kuwauza.

Wazazi wake waliishi na jina hilo miaka kumi na sita. Wazazi wa wengine wanapokea nishani na wageni kutoka Moscow, wao wanapokea macho ya watu.

Mwaka 1959 akakamatwa mmoja wa maofisa wa polisi ya wakati wa uvamizi. Akahojiwa, ikaonekana Tretyakevich hakumsaliti mtu. Tume ikakaa, jina likasafishwa, na 1960 marehemu akapewa nishani ya Vita vya Kulinda Nchi daraja la kwanza.

Na wapo wasichana wawili ambao Fadeyev hata hakuhangaika kuwabadilisha majina. Waliingizwa kitabuni kama vibaraka na majina yao kamili. Riwaya inawafanya marafiki wakati maishani hawakuwa wakifahamiana. Wote wawili walionja jela na kambi za kazi. Walisafishwa rasmi mwaka 1990. Sitayaandika majina yao hapa, yameandikwa vya kutosha.

Sasa tazameni vichekesho vya dola. Desemba 1947 Pravda ikamshukia Fadeyev kwamba riwaya ina kasoro kubwa. Mkidhani ni kwa sababu ya hao, hapana. Kasoro ilikuwa kwamba vijana wanaonekana wanajiendea wenyewe, wazee wa Chama hawawaongozi inavyotakiwa. Naye ndiye katibu mkuu wa Umoja wa Waandishi, mtu wa kuwasomea wengine mashtaka. Akakaa chini akaandika upya, 1951 ikatoka chapa mpya yenye wazee wa Chama wa kutosha. Ilipatikana nafasi ya kuongeza watu. Nafasi ya kumwondolea mtu doa haikupatikana.

Mchambuzi254

Ndugu Mzee wa Rafu, uzi mzuri, lakini naona unamwonea Fadeyev. Kuchukua watu halisi si dhambi ya wajamaa. Tolstoy aliwachukua jamaa zake akawatia kwenye riwaya yake ya vita. Na huyo Stakhovich amepewa jina la kubuni, tabia za kubuni, sasa mwandishi afanye nini tena? Fasihi si ushahidi wa mahakamani. Kama watu wa Krasnodon walimwona Tretyakevich pale, hilo ni la watu wa Krasnodon.

Halafu umesema mwenyewe kwamba fununu zilikuwepo kabla ya kitabu. Mpelelezi ndiye mwongo wa kwanza.

Mzee wa Rafu

Ndugu wa 254, hoja nzito na naiheshimu. Hata Fadeyev alijitetea hivyo hivyo: alisema hakuandika historia ya kikundi, ameandika riwaya, na riwaya ina ruhusa ya kubuni.

Shida yangu ni kwamba ruhusa hiyo aliitaka upande mmoja. Msomaji alitakiwa amwamini Koshevoy kwa sababu ni wa kweli, shule zipewe jina lake, makumbusho yajengwe. Akifika ukurasa wa msaliti aambiwe hapa tunabuni tu. Msomaji wa kawaida hasomi hivyo. Kitabu kimefundishwa shuleni nchi nzima kama mambo yaliyotokea, basi kila kilichomo kimetokea. Tolstoy akimchora shangazi yako vibaya, shangazi atanuna. Hakuna afisa atakayekuja kumgongea mlango.

Kuhusu mpelelezi, uko sahihi, uongo ulianza kwake. Uongo wa mpelelezi ulikuwa kwenye jalada moja. Riwaya iliuchapa kwa mamilioni.

Bi Nuru

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mwalimu mstaafu naomba nitie neno, maana kuna kisa cha Ujerumani Mashariki ambacho kinakaribiana na hiki na kinanisumbua zaidi.

Bruno Apitz alifungwa kambi ya Manazi ya Buchenwald miaka minane. Mwaka 1958 akatoa riwaya kuhusu wafungwa wa kikomunisti wanaomficha mtoto mdogo wa Kiyahudi aliyeingizwa kambini ndani ya sanduku. Kikundi cha siri kinagawanyika: tumlinde mtoto au tulinde harakati nzima? Wanamlinda, na mwishoni kambi inakombolewa. Ikapewa Tuzo ya Taifa, ikatafsiriwa lugha nyingi, 1963 Frank Beyer akaitengenezea filamu. Ikawa kama msahafu wa nchi ile.

Mtoto alikuwepo kweli. Aliitwa Stefan Jerzy Zweig, alizaliwa Kraków Januari 1941, akaingia Buchenwald Agosti 1944. Hakuja ndani ya sanduku, alikuja na baba yake mzazi, mwanasheria. Aliandikishwa, akapewa namba kama wafungwa wengine. Baba kitabuni hayumo kabisa, mkisoma mtadhani mtoto hana mtu isipokuwa Chama.

Gazeti la Berlin Mashariki lilimsaka likampata Ufaransa mwaka 1964, kijana wa miaka 23. Akaletwa kwa shangwe, akapokewa na waliomtunza kambini, akakaa nchini humo akasoma mambo ya filamu. Mwaka 1972 akahamia Vienna.

Sasa lililofichwa. Septemba 25, 1944 ilitoka orodha ya watoto na vijana 200 wa kupelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz, wengi wao Wasinti na Waroma, wale waliozoeleka kuitwa Wajipsi. Mtoto Zweig alikuwemo. Jina lake lilifutwa pamoja na mengine kumi na moja, na mahali pake akaandikwa Willy Blum, Msinti wa miaka 16, ambaye mdogo wake alikuwa kwenye orodha hiyo hiyo. Ndugu hao wawili hawakurudi.

Hakuna riwaya ya Willy Blum. Miaka ya baadaye, Ujerumani ilipokwisha kuungana, wasimamizi wa makumbusho ya Buchenwald wakaanza kusema habari za wahanga waliobadilishwa, na Zweig, mzee sasa, likamuuma mpaka akafika mahakamani. Na mimi namwelewa. Alikuwa na miaka mitatu, hakufuta jina la mtu. Kwanza walimfanya muujiza bila kumuuliza, kisha wakamfanya swali bila kumuuliza.

Kwa hiyo mwanangu Mzee wa Rafu, kanuni yako inahitaji kiraka. Wapo wanaoumizwa kwa kufanywa wabaya, na wapo ambao hadithi haikuwahitaji kabisa.

Mzee wa Rafu

Marahaba ni yako mwalimu wangu, shikamoo. Kiraka nimekipokea na nitakishona.

Dogo wa Ubungo

Huyu bibi katisha aisee. Uzi umegeuka darasa.

Kichwa Ngumu

Mimi nawashangaa mnaongea uhalisia wa kijamaa bila kumtaja Sholokhov. Grigory Melekhov, yule Mkozaki wa Don anayehama upande huu na huu mpaka habaki na upande, alichotwa kwa kiasi kikubwa kutoka kwa Kharlampy Yermakov. Jamaa alipigana upande wa Wekundu, yaani Wabolsheviki, 1919 akawa miongoni mwa makamanda wa uasi wa Vyoshenskaya dhidi yao, halafu akarudi tena kuwapigania kwenye jeshi la farasi la Budyonny.

Aprili 1926 Sholokhov alimwandikia barua akiomba wakutane amuulize habari za 1919. Mwaka uliofuata polisi wa siri wakampiga Yermakov risasi, Juni 1927. Barua ya mwandishi wakaibakiza kwenye jalada la kesi. Januari 1928 sehemu ya kwanza ya riwaya ikaanza kutoka kwenye jarida la Moscow. Mwaka 1965 Nobel. Yermakov alisafishwa 1989.

Hapo mseme nani kamuumiza nani. Kitabu hakikumwua, na pengine ndicho kilichomhifadhi.

Mchambuzi254

Kichwa Ngumu umenifaa sana, nilikuwa nabaki peke yangu. Ndiyo maana Melekhov anasomeka hadi leo: Sholokhov alikataa kumnyoosha. Wakosoaji walimshinikiza amfanye Melekhov aishie Bolsheviki, hakufanya. Meresyev mzuri, lakini ukishajua atarudi angani unasoma ya nini?

Kichwa Ngumu

Unasoma zile kurasa za kutambaa msituni. Nyingine ruka.

Mzee wa Rafu

Hapo kwenye kuruka kurasa tumekubaliana wote.

Kuhusu Yermakov, ni kweli riwaya haikumgusa. Ila angalieni tofauti: Sholokhov alibadilisha jina, akabadilisha ukoo, akampa mapenzi yake na mwisho wake. Alichukua njia ya mtu, mtu mwenyewe akamwacha.

Nilisahau kichekesho kimoja. Furmanov alikuwa kamisaa, yaani mtu wa Chama jeshini, kwenye divisheni ya Chapaev, akaandika riwaya ya 1923 juu ya kamanda huyo. Filamu ikaja 1934, na humo akaongezwa msichana wa bunduki ya rashasha, Anka, ambaye kitabuni hayumo. Jina walilichukua kwa Anna, mjane wa Furmanov, aliyewasaidia ushauri. Filamu ilipowaka, nchi ikaanza kumtafuta Anka halisi, ikampata Maria Popova, mwanamke aliyepigana kweli kwenye divisheni hiyo. Safari hii mhusika alitangulia, mtu akatafutwa baadaye. Na Chapaev mwenyewe, aliyekufa Lbishchensk Septemba 1919 akiwa na miaka 32, leo Warusi wanamjua zaidi kwa vichekesho vyake na msaidizi wake Petka kuliko kwa vita.

Chakechake

Ahsanteni mabwana, nimesoma tangu mwanzo. Swali langu la huku kwetu. Riwaya ya Shafi Adam Shafi ya makuli wa bandarini, iliyotoka 1979, walimu wetu walikuwa wakiitia kwenye kapu hili la uhalisia wa kijamaa. Mgomo wa 1948 Unguja ulikuwa wa kweli, wazee wetu waliuona. Jee, yule Rashidi naye ana mtu nyuma yake?

Bi Nuru

Chakechake, mimi nimeifundisha riwaya hiyo miaka mingi. Mgomo ni wa kweli na bandari ni ya kweli, lakini Rashidi namsoma kama kuli yeyote: kijana asiyejua kusoma, anayekomaa kazini mpaka anaielewa dunia yake. Shafi aliweka tukio halisi na mtu wa kubuni. Fadeyev aliweka vyote viwili halisi, kisha akabuni katikati. Katika njia ya Shafi hakuna mama anayeulizwa sokoni kama mwanawe ndiye yule.

Na Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Maji Maji mwaka 1969, alimchukua Kinjeketile na jina lake, lakini dibajini akamwambia msomaji waziwazi kwamba huyu wa jukwaani ni wa kubuni, asimchukue kuwa ndiye yule wa historia. Wanafunzi wangu waliiruka dibaji siku zote. Nikawa naitolea swali la mtihani.

Dogo wa Ubungo

Mwalimu ulikuwa mkali 😂

Mzee wa Rafu, mimi nataka nianze na hiyo ya Krasnodon. Nisome chapa ipi?

Mzee wa Rafu

Dogo, ukiipata kwa Kiingereza mikononi mwa wauza vitabu vya mtumba, angalia ndani imetafsiriwa kutoka chapa ipi. Ya 1946 ni fupi na ina damu zaidi: sura za mwanzo, watu wanakimbia mji, mgodi unalipuliwa na wenyewe ili Mjerumani asiukute mzima, Fadeyev aliandika kama mtu aliyekuwapo. Ya 1951 ina mikutano. Stakhovich utamkuta katika zote mbili, kwa hiyo ukifika kwake kumbuka tarehe: Fadeyev alijipiga risasi Mei 1956, miaka mitatu kabla ya tume.